Mashimo Tisini na Mawili ya Mama Keekee

Saa moja asubuhi Mama Keekee alirudisha trekta nyuma, akasimama, akachungulia begani, akarudisha tena kiasi cha unyayo mmoja, mpaka ncha ya keekee ikakaa juu ya alama ya chokaa iliyowekwa chini ya kamba. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliinua mkono kuonyesha kwamba imekaa. Mama Keekee hakuutazama mkono ule. Alikuwa ameshajua.

Keekee yenyewe ni chuma kinene kilichojisokota kutoka juu hadi chini, kirefu kama mtoto wa miaka kumi, chenye meno mawili ya kuchimbia. Hufungwa nyuma ya trekta, injini ikaizungusha, nayo ikazama ardhini na kuacha shimo la nguzo, mviringo safi kama sufuria. Hapo kazi inaonekana rahisi, na ni rahisi kweli kwa udongo wa mtoni. Ardhi ya Karani haikuwa ya mchezo. Juu palikuwa na vumbi la kiganja kimoja, chini yake udongo mwekundu uliokauka ukawa tofali, na chini ya huo changarawe iliyoshikana kama saruji. Wachimbaji wa mtaimbo walikuwa wanatoa shimo moja kwa siku, na jioni mkono haukuweza kushika kikombe.

Mwenye pupa huikandamiza keekee mpaka pini inakatika, na pini ikikatika siku imekwisha. Mama Keekee hakuwa na pupa. Alimwagia maji alama zote jana yake jioni, na sasa alishusha chuma kiganja kimoja, akakiinua kiteme, akakishusha tena. "Mpe mzee asiye na meno kidogo kidogo," alizoea kusema, "atamaliza sahani nzima na wewe bado unatafuna." Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha bila yeye kukata pini hata moja. Alikuwa amechimba kwa miaka ishirini na miwili, na mashimo yake yalikuwa yamesimamisha nyua za shule, za mazizi, za makaburi na uwanja mmoja wa ndege ndogo. Hakuwahi kuitwa kuja kurudia.

Kazi hii ilikuwa ya mashimo tisini na mawili, hatua tatu kati ya shimo na shimo, kwenye mstari uliotenganisha shamba la Karani na la jirani yake, Mkunga. Karani alikuwa amestaafu ofisi ya ardhi miaka minane nyuma lakini jina la Karani halikustaafu naye. Mkunga bado alikuwa kazini. Alikuwa amezalisha nusu ya watu wa pale, wakiwamo watoto wote wanne wa Karani. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na kisima kimoja, alichokichimba baba yake Mkunga kwa mtaimbo kwa muda wa viangazi viwili. Maji mengine ya karibu yalikuwa mwendo wa saa nzima. Kisima kilikuwa cha Mkunga, na Karani alichota humo kama jirani yeyote. Lakini kamba aliyoivuta Karani siku iliyotangulia ilipita upande wa pili wa kisima, upande wa nyumba ya Mkunga.

Wachimbaji wa nyua wa huko wana utaratibu wao. Kabla ya shimo la kwanza jirani mmoja hushika ncha hii ya kamba, jirani mwenzake hushika ile, na kila mmoja husema "ndiyo" kwa sauti ya kusikika. Hakuna anayeandika. Wakishasema wote, mchimbaji huwasha injini. Siku hiyo Mkunga alikuwa ameitwa ng'ambo ya vilima kwa mwanamke wa mapacha, na mapacha hawana saa.

"Kigingi kitamshikia," alisema Karani, akagonga kigingi mara tatu kwa nyundo. "Kigingi hakichoki wala hakitetemeki."

Mama Keekee alikitazama kigingi. Alikuwa ameahidiana na watu wa zizi kwa Jumamosi, na ni kweli kigingi hakitetemeki. Akawasha injini. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema kwamba hapo ndipo alipokosea, naye alilisema bila kuzungusha maneno, kama mtu anavyosema alifunga ng'ombe kwa fundo baya.

Kufikia saa sita mchana mashimo ishirini yalikuwa tayari, kila moja futi mbili na nusu kwenda chini. Shemeji aliyapima yote kwa fimbo yake yenye alama za kisu, akazoa udongo uliobaki ndani kwa beleshi. Shimo la sita lilikuwa limeangukiwa na chura, naye Shemeji akamwacha, kwa kuwa chura alionekana kupapenda. La kumi na saba lilikuwa limeinama kidogo kwa sababu ya jiwe. Mama Keekee alilijua hilo na halikumfurahisha.

Walikula kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni kwa Karani. Waliporudi shambani, mashimo hayakuwepo.

Vichuguu vya udongo vilikuwepo, ishirini, kila kimoja mahali pake kando ya kamba. Matairi ya trekta yalikuwa yameacha alama zake. Lakini pale palipokuwa na shimo sasa palikuwa na ardhi nzima, na sisimizi walikuwa wakipita juu yake kwa njia yao ya zamani. Mama Keekee alipiga mtaimbo. Ukadunda.

"Shemeji," alisema yule shemeji yake, "wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe. Haya ya kwako yanatoka yenyewe."

"Chukua fimbo yako ukatafute, acha kuchekacheka."

Hawakupata kazi ya kutafuta. Mke wa Karani aliita kutoka nyuma ya nyumba. "Mashimo yenu yako huku," alisema. "Moja limenimezea kuku. Njooni mnitolee."

Yalikuwa hatua arobaini nyuma, upande wa nyumba ya Karani, yamejipanga kwa mstari uliopita chini ya kamba ya nguo na kukata bustani ya mboga. Shemeji alishusha fimbo. Futi mbili na nusu. La sita lilikuwa na chura wake. La kumi na saba lilikuwa limeinama vilevile, kwa kiasi kilekile, ingawa hapo hapakuwa na jiwe. Walimtoa kuku, akajikung'uta, akaenda zake.

Mama Keekee alifunga jicho moja akautazama mstari kutoka shimo la kwanza hadi la ishirini. Alitikisa kichwa taratibu. Mstari ulikuwa umenyooka kuliko kamba ya Karani.

"Angalau yametembea kwa adabu," alisema.

Karani alikuja na kofia yake ya jua, akayatazama, akarudi kutazama vichuguu, kisha akatoa uamuzi kama aliyeletewa faili lililopotea njia. "Shimo tupu halina kazi, ndiyo maana linazurura. Weka nguzo ndani. Shimo lenye nguzo limeajiriwa."

Mchana huo walichimba matano mengine, wakasimamisha nguzo tano, wakashindilia changarawe kwa mtaimbo mpaka nguzo zikawa hazitikisiki hata kwa bega la Shemeji. Kisha wote watatu wakasimama kuzilinda. Walisimama robo saa. Barabarani lori likapiga honi, wote wakageuka kidogo tu, na walipogeuka tena nguzo zilikuwa zimelala chini sambamba, ncha kwa ncha. Changarawe ilikuwa imewekwa kando kwa fungu moja, imepetwa vizuri, haina mchanga.

"Yametuachia vyombo safi," alisema Shemeji. "Mimi nina watoto nyumbani hawawezi hivyo."

Karani hakucheka, lakini pia hakushtuka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefanya kazi na watu waliokataa kukaa pale ramani ilipowaweka. "Endeleeni," alisema. "Huko yanakokwenda kuna nafasi tisini na mbili tu. Zikijaa, yatakosa pa kwenda, yatarudi kwenye mstari."

Mama Keekee alifikiri kwamba hiyo haikuwa hesabu ya shimo bali ya makabati. Lakini alikuwa na kazi aliyoikubali, na ndani yake kulikuwa na kitu kingine pia, ambacho shemeji yake alikijua na alikuwa akimtania nacho: hakupenda kushindwa na kitu alichokitengeneza mwenyewe. Akaendelea kuchimba. Siku ya pili alitoa ishirini na manne, yakaenda. Siku ya tatu alitoa ishirini na mawili, yakaenda. Yalingoja watu wapishane neno, au wanywe maji, au mmoja afute jasho machoni. Hakuna aliyewahi kuyaona njiani. Mke wa Karani alihamisha kamba yake ya nguo, akawafungia kuku wake, na jioni alipokwenda kuwapa chakula alipita kati ya shimo na shimo na beseni kichwani bila kupunguza mwendo.

Siku hiyo ya tatu, wakati wa chakula, Shemeji alisema kwamba shimo la arobaini na sita lina kitu chini. Fimbo ilikuwa imegonga, akachokoa, akaleta kipande cha saruji ya kale chenye ukubwa wa yai.

Mke wa Karani alikipokea, akakigeuza, akakirudisha. "Ni ya jiwe la mpaka," alisema. "Lilikuwa hapo. Yalikuwa manne. Moja ndilo hilo uliloliwekea sahani yako, shemeji yangu. Tulilifanya ngazi ya jikoni mwaka ule mzee alipochora ramani upya."

Shemeji alitazama chini. Lilikuwa jiwe la pembe nne, limelika katikati kwa kukanyagwa, na ubavuni mwake bado kulikuwa na namba iliyochongwa. Aliondoa sahani yake akaiweka gotini.

"Mboga imekosa chumvi," alisema Karani.

Mkewe alimletea chumvi.

Mkunga alirudi siku iyo hiyo jioni, jua likiwa bado juu, na mfuko wake wa kazi begani. Mapacha walikuwa wazima, mmoja mdogo kuliko mwenzake lakini mwenye sauti. Alifika hadi kwenye kamba, akaona kwamba imepita kati ya mlango wake na kisima chake, akaweka mfuko chini. Kisha akatazama ng'ambo ya kisima, kwenye mashimo, akayafuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyomtazama mtoto kabla ya kumkabidhi kwa mama yake.

"Nani alishika kamba upande wangu?" aliuliza.

"Kigingi, dada," alisema Mama Keekee.

"Nacho kilisema nini?"

"Hakikusema kitu."

"Nawe ukachimba."

"Nikachimba. Nilifanya haraka, na nilikuwa najua ninalolifanya. Nimekukosea."

Mkunga hakuwa mtu wa kumwongezea mwenzake uchungu aliokwisha kuukubali. "Mashimo yako mazuri," alisema. "Hapo yalipo ndipo baba yangu alipokuwa ananionyesha. Nilikuwa nikisema, na watu wananiambia, mama, huna ushahidi. Sasa ninao, mpaka chura yumo."

"Basi tuufunge leo," alisema Mama Keekee. Aliing'oa kamba kwenye kigingi, akaichukua mpaka kwenye mstari wa mashimo, akampa Mkunga ncha moja mkononi. Ncha ya pili akampelekea Karani, aliyekuwa ameketi mlangoni kwake, miguu juu ya jiwe la mpaka. "Mzee, shika hii. Nusu dakika tu. Mwenzako ameshika upande wake."

Karani aliitazama ncha ya kamba, asiiguse.

"Mimi nina ramani," alisema. "Mwenye ramani hashiki kamba."

"Mimi sijui ramani, mzee. Najua shimo. Shimo lililokaa nalijua, na hili limekaa."

"Mama, nilikuita unichimbie, sikukuita unifundishe mipaka. Nimeifanya kazi hiyo wewe ukiwa bado unaendesha baiskeli."

"Baiskeli ile ilikwenda nilikoielekeza," alisema Mama Keekee, akakunja kamba mkononi kiwiko kwa kiganja, mpaka Mkunga alipoiachia ncha yake kule mwisho.

Siku ya nne alimaliza. Watu walikuwa wameanza kuja kutazama, wengine na viti vyao. Alichimba kwenye kamba ya Karani, iliyorudishwa kwenye kigingi, pale pale Karani alipotaka, mashimo ishirini na moja ya mwisho, na alichimba kwa makini kama ya siku ya kwanza. Kiganja kimoja, inua, tema. Kiganja kimoja, inua, tema. Mashimo yakawa yanaondoka moja moja, kila watu walipopepesa macho. Lilipokwenda la tisini na mbili, mstari wa kule nyuma ulifika mpaka barabarani, ukakoma hapo, na nafasi zilikuwa zimejaa kama Karani alivyosema. Walisubiri mpaka alasiri. Hakuna shimo lililorudi.

Mama Keekee alizima injini. Akapita mstari mzima kwa miguu, mikono nyuma, akiinama kila shimo. Hakuona la kurekebisha, isipokuwa lile la kumi na saba, ambalo aliagiza mtaimbo akalinyoosha. Shemeji alisema, "Mwenyewe limekaa, wewe bado unalisumbua," naye akamjibu kwamba kwenda kwao hakulipi shimo ruhusa ya kuinama.

Asubuhi yake Mkunga alikwenda ofisini akarudi na afisa wa ardhi. Alikuwa mtu wa makamo, kiatu chake kimepigwa rangi, na alipomwona Karani alimwita bosi, kwa kuwa huko nyuma alikuwa amembebea minyororo ya kupimia. Aliyaangalia mashimo moja baada ya jingine. Alitoa futi yake akapima nafasi kati ya la kwanza na la pili, kisha kati ya la hamsini na la hamsini na moja, akaguna kwa kuridhika. Alionyeshwa kipande cha saruji. Alionyeshwa na jiwe la jikoni, na akasoma namba yake kwa sauti, na namba ilikuwa ya mpaka huo.

Kisha akafungua ramani juu ya boneti ya gari.

"Mashimo yanasema mpaka uko hapa," alisema. "Ramani inasema uko kule. Mashimo ni mazuri, sijawahi kuona kazi safi kama hii. Lakini hayana muhuri."

"Yalihama yenyewe," alisema Mkunga. "Watu wote hawa waliona."

"Sikatai, mama. Nitaandika kwamba yalihama." Na kweli aliandika: *mashimo 92, yamehama, hatua 40, hali nzuri.* "Ila ramani haikuhama. Ofisi hufuata kisichohama."

"Na kisima changu?"

Afisa alitafuta kwa kidole mpaka akakipata, duara dogo la bluu. "Kipo," alisema. "Kipo upande wa bosi."

Mkunga aliuliza ramani ilichorwa na nani. Afisa alisoma pembeni, chini kabisa, akasema imechorwa na bosi. Alisema hivyo bila aibu wala kiburi, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Akaikunja ramani, akakataa kiti, akaondoka.

Karani alimwambia Mama Keekee aanze upya kwenye kamba.

"Nitakuchimbia hata mara kumi, mzee," alisema Mama Keekee. Alikuwa tayari amefungua keekee, ameilaza juu ya tela, anaisafisha meno kwa msumari. "Nitachimba vizuri mara zote kumi. Na mara zote kumi yatakwenda kwao, kwa sababu mimi sichimbi mashimo mabaya. Ukitaka shimo litakalokaa pale, mtafute mchimbaji mbovu kuliko mimi."

"Wapo wengi," alisema Karani.

"Wengi sana. Nitakupa na majina."

Karani hakuyahitaji majina. Hakuwa mjinga, na mashimo yalikuwa yamemfundisha somo alilolihitaji: kwamba kinachohama ni shimo. Akamleta fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi alikusanya ringi za magari mabovu, tisini na mbili, akachomelea bomba la chuma katikati ya kila moja, akajaza ringi zote saruji, akazipanga juu ya ardhi chini ya kamba, bila kugusa udongo. Nguzo zilisimama wima juu ya miguu yake kama vibao vya kituo cha basi. Wakavuta seng'enge mistari mitano, wakaweka lango moja na kufuli. Kazi nzima ilichukua siku tatu. Upepo ulipovuma nguzo ziliyumba kidogo zikarudi. Watu walikuja na viti vyao wakasubiri zitembee. Hazikutembea. Nguzo si shimo. Haijui ilikotoka, hukaa inapowekwa.

Kwa hiyo sasa kulikuwa na uzio usio na mashimo, na hatua arobaini kutoka hapo kulikuwa na mashimo yasiyo na uzio. Katikati kulikuwa na kisima.

Ndipo macho yote yakahamia kwenye kisima. Wazo hilo halikuwa la mtu mmoja. Liliwajia wote kwa pamoja, na lilikuwa wazo la busara. Kisima ni shimo kama mashimo mengine, walisema, ila ni kikubwa na cha zamani, kwa hiyo kitachelewa. Walikadiria wiki. Wengine walisema kwa uzito wa maji yaliyomo, wiki mbili. Mkunga alifagia uwanja mbele ya nyumba yake, akaondoa kuni na banda la bata, ili kipate pa kukaa. Hata mke wa Karani alianza kujaza ndoo za akiba, kimya kimya, kwa kuwa alijua kikihama hatakuwa na uso wa kwenda kuomba.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Watu walikuwa wakija asubuhi, wanageuza migongo kwa makusudi, wanakohoa, wanajifanya kuzungumza habari za mvua, wanageuka ghafla. Kisima kilikuwa palepale.

Jumatatu ya wiki ya tatu Mama Keekee alikuwa akipita kutoka kwenye kazi ya zizi jingine, trekta ikiwa na tope mpaka kwenye usukani. Mkunga alimsimamisha. Walimwomba mke wa Karani awafungulie lango, akawafungulia. Mama Keekee alizunguka kisima mara moja. Alipiga magoti, akaweka sikio ukingoni, akadondosha kokoto, akasikiliza. Akapapasa mawe ya ndani mpaka mkono ulipofika, akatoa mkono akaupangusa kwenye gauni. Shemeji alimsogezea mtaimbo, naye akaukataa.

"Ni kazi ya mtu mmoja hii," alisema. "Aliyeichimba hakuwa na haraka."

"Baba yangu," alisema Mkunga.

"Alimwita jirani yake akashika kamba?"

"Alimwita baba yake huyu Karani. Walishika wote wawili. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya udongo, nawatazama."

Mama Keekee alitikisa kichwa. Alisimama kwa kushika goti. "Basi hiki hakiendi popote, dada. Yale ya kwangu yalihama kwa kuwa yaliwekwa pasipo pao. Hiki kipo kwao tangu siku ya kwanza. Kisima kilichoko kwao kitahamia wapi?"

Mkunga alitazama nyumba yake upande ule wa seng'enge, na uwanja wake uliofagiwa, na mahali palipokuwa na banda la bata.

"Nilikuwa najua," alisema. "Ndiyo maana sikulala vizuri."

"Ningeweza kukudanganya ungoje wiki nyingine."

"Usinidanganye. Una mkono mzuri, na mdomo wako uende nao." Akamshika mkono, wakatoka, na Mkunga mwenyewe ndiye aliyefunga lango, kwa kuwa mke wa Karani alikuwa ameondoka na kumwachia ufunguo juu ya nguzo.

Utaratibu ukapangwa. Karani hakuwa mtu wa kumnyima jirani maji. Alisema hivyo mwenyewe mbele ya watu, na watu walikubali kwamba hakuwa mtu wa namna hiyo. Lango lingefunguliwa Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi. Akitokea mwanamke wa kujifungua siku nyingine, Mkunga apige hodi, naye angefikiria. Mkunga alinunua pipa. Banda la bata alilirudisha mahali pake.

Mashimo yalibaki. Hakuna aliyeyafukia, kwa sababu udongo wake ulikuwa upande wa pili wa uzio na hakuna aliyeona sababu ya kuuvusha. Mvua za kwanza ziliyajaza, jua likayakausha, kuta zake hazikumomonyoka hata kidogo. Kuku wa Karani walijifunza kuyazunguka na wakawafundisha vifaranga wao. Wageni waliambiwa waangalie miguu. Mama Keekee, alipotakiwa na mteja mpya aonyeshe kazi yake, alimleta barabarani, akamwonyesha mstari ule kwa mbali, tisini na mawili yaliyonyooka kama uzi, akasema, "Hayo ni yangu. Yamekaa." Na mteja hakuuliza uzio wake uko wapi.

Ijumaa moja, saa mbili kamili, Mkunga alikuwa langoni na ndoo mbili. Karani alikuja kutoka kwake na ufunguo, kofia kichwani. Wakaamkiana. Alimwuliza wale mapacha wa ng'ambo wanaendeleaje, naye akasema yule mdogo amempita mwenzake. Karani akasema ni jambo jema. Akafungua kufuli. Mkunga alichota ndoo ya kwanza, akachota ya pili, na maji yalikuwa baridi na matamu kama siku zote. Alimshukuru, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akatoka nayo. Karani akafunga, akavuta kufuli kuhakikisha, akageuka kurudi nyumbani. Alipofika kwenye shimo la arobaini na moja alilivuka kwa hatua moja ndefu, bila kuangalia chini, kama mtu anavyovuka kizingiti cha nyumba yake.